Shangazi Moja na Nusu

Dar es Salaam,
12 Februari 2024

Shangazi mpendwa Anyosisye,

Shikamoo. Nakutumia na ya pili ya akiba, maana najua ya kwanza utasema imefika imepoa. Mimi mzima. Joto la huku linakausha nguo kabla hujazianika, lakini tumezoea. Kula nakula, kwa hiyo usianze. Natumaini mguu wako umepona na ule mgomba ulioegemea jiko umeshakatwa.

Sasa Shangazi, kuna jambo.

Najua kanisani unawaambia watu kwamba mimi ni daktari wa vichaa. Sijawahi kukusahihisha kwa sababu ulionekana kufurahi. Kazi yangu hasa ni kuchunguza jinsi mashaka ya maisha yanavyoingia mwilini. Mtu akiwa na hofu au ugomvi, mwili wake unatoa kitu kinaitwa kortisoli, na kitu hicho kinaonekana kwenye mate. Ukinipa mate yako ya asubuhi, mashine yangu itajua kama umeamka salama au umeamka unamchukia jirani.

Tunataka kulinganisha watu wa mjini na watu wa kijijini, nami nimeitaja Masoko. Nahitaji watu wazima thelathini. Kila mwezi, mpaka Juni, kila mmoja atatema mate kwenye kichupa chake akiamka, kabla ya kula. Nimekuandika wewe kuwa mratibu, na pia uwe mtu wa thelathini. Bosi wangu, Profesa Rahima, ni mtu ambaye hacheki hata akitekenywa. Amesema thelathini kamili. Wakiwa ishirini na tisa mpaka mwisho wa Juni, Masoko inafutwa, na mimi nafutwa nayo, maana mkataba wangu unakwisha mwezi huo huo.

Deli la bluu lenye barafu na vichupa litashushwa na basi pale stendi ya Tukuyu. Ukimaliza, lirudishe kwa basi hilo hilo.

Jambo la mwisho: tusitumie simu. Mawimbi ya simu yanaweza kuharibu sampuli. Ni mambo ya kitaalamu kidogo. Tuandikiane barua tu, tuziweke humo humo ndani ya deli.

Wako,
Lukasi

*

Masoko,
3 Machi 2024

Mwanangu Lukasi,

Marahaba, zote mbili. Ndaga fijo kwa kunikumbuka, ingawa umenikumbuka ukiwa na shida. Mguu umepona. Mgomba haukukatwa, ulianguka wenyewe, na sasa jiko lina dirisha. Ng'ombe amezaa ndama dume. Tumemwita Dokta kwa heshima yako, tena kwa sababu hataki kuja anapoitwa.

Kuhusu mate. Niliita watu wako ishirini na tisa, wote wakakataa. Umesoma sana mwanangu, lakini hili umelisahau: hapa kwetu mate si kitu cha kumpa mtu hivi hivi. Wazee wetu walikuwa wakimtemea mtoto mate ya baraka, lakini kwanza walisema yaliyo moyoni. Ukitema huku una hasira, ile si baraka tena, na mtoto atakohoa mwaka mzima. Sasa watu thelathini wakutemee wewe hasira thelathini kwenye vichupa, utafika Juni kweli?

Kwa hiyo nimeweka utaratibu. Mtu kwanza anasema hasira yake mbele ya anayehusika, anasukutua maji, anayatema chini, ndipo anatema kwenye kichupa. Tulifanyia barazani kwangu.

Kulisemwa, Lukasi! Esnath, yule jirani yangu wa bondeni, alimwambia Ambindwile kwamba mbuzi wake amekula kabichi zake tangu enzi za mabibi. Ambindwile akasema sufuria yake kubwa iliazimwa na Esnath kwenye harusi, ikarudi imebadilika umbo. Esnath akasema sufuria ilikuwa hivyo hivyo kama mwenyewe. Nilikaa katikati yao na mwiko.

Halafu Jenifer. Unajua ameolewa na mtoto wa Ambindwile, na mkwe hatazamani na mkwe wake, wala hazungumzi naye. Sasa hasira yake ilikuwa ni ya baba mkwe huyo huyo! Tukafikiri sana. Mwisho Jenifer alisimama nyuma ya ukuta wa jiko, akamkamata jogoo wangu, akamwambia jogoo kwa sauti: "Jogoo, mwambie mwenye redio kwamba mtoto hapati usingizi." Ambindwile akakohoa barazani, akasema: "Jogoo, mwambie aliyekutuma kwamba nimesikia, na yeye apunguze chumvi." Jogoo alikuwa ametoa macho, lakini alivumilia mpaka mwisho.

Basi wote walitema. Vichupa ishirini na tisa vimejaa. Kimoja kimepungua, usijali.

Shangazi yako,
Anyosisye

*

Dar es Salaam,
21 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa Dokta. Huku wazima. Mwenzetu mmoja maabara amepata mtoto, na mwenye nyumba wangu amepaka rangi ukuta wa nje na nguo zangu zilizokuwa zimeanikwa karibu.

Shangazi, majibu yametoka. Profesa Rahima aliyaona akamwita fundi, akidhani mashine imekufa. Masoko imezidi watu wa Kariakoo! Imezidi hata madereva wa malori! Kuna bwana mmoja, namba kumi na mbili, kiwango chake ni cha mtu anayefukuzwa na simba. Nadhani huyo ni Ambindwile.

Naelewa sasa kilichotokea. Tafadhali, watu wateme kwanza, wagombane baadaye. Au wasigombane kabisa. Utafiti wetu ni wa kutazama tu, haturuhusiwi kukoroga. Ni kama kupima joto la chai: huwezi kuichochea moto halafu ukasema chai ya Rungwe ni ya moto kuliko zote.

Mengine madogo. Namba tano aliweka maziwa. Namba tisa alipiga mswaki na kichupa chake kinanukia mnanaa. Namba ishirini na mbili aliongeza maji kijae, maana aliona wenzake wamemzidi. Waambie si mtihani, hakuna anayefaulu.

Na kichupa chako, Shangazi, namba thelathini, kimerudi kitupu. Ulisahau?

Wako,
Lukasi

*

Masoko,
14 Aprili 2024

Mwanangu Lukasi,

Marahaba. Mvua hapa haijui kuaga. Tulisali Pasaka tukiwa tumelowa, na keki ya Esnath ilinyonya maji ikawa kubwa kuliko alivyoipika. Watu waliniuliza kama ulikuja. Nikasema ulisema utakuja Pasaka, lakini hukutaja ya mwaka gani. Wamecheka sana, na mimi nikacheka nao.

Unasema wasigombane. Umechelewa, baba. Wamekwisha kugombana, na sasa ni raha tupu. Ambindwile amejenga banda la mbuzi. Esnath amempelekea sufuria mpya ikiwa na kande ndani. Redio sasa inazimwa mapema, na Jenifer amepunguza chumvi. Jogoo naye amepata heshima, watu wanamsalimia. Jumatatu walipokuja kutema hawakuwa na la kusema, wakakaa barazani wananitazama, ikabidi niwapikie ndizi baada ya vichupa. Namba ishirini na mbili nimemwambia si mtihani. Amenuna.

Kichupa changu kilianguka.

Nilikutana na Mwalimu Obed anayefundisha fizikia sekondari. Tuliongea mambo mengi ya mawimbi. Ni mtu mwenye akili, tena anaeleza pole pole mpaka unaelewa.

Shangazi yako,
Anyosisye

*

Dar es Salaam,
6 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua imeaga. Nimepata mafua, lakini ni ya kawaida, usinichemshie kitu ukakituma kwa basi kama mwaka ule.

Majibu ya Aprili yametoka, na Profesa Rahima amemwita fundi tena. Masoko imeshuka chini kuliko tulivyowahi kupima popote. Namba kumi na mbili, aliyekuwa anafukuzwa na simba, sasa ni kama amelala mapajani kwa simba huyo. Profesa alifunga mlango akanikalisha. Alisema utafiti wa kutazama umeuharibu kabisa, wewe mratibu, kwa mwiko wako. Halafu akasema kwamba huenda ulichokifanya kina maana kuliko utafiti wenyewe, na angependa kukielewa. Yuko tayari kuipokea Masoko kama ilivyo, na jogoo wake, ila kwa sharti lile lile: watu thelathini. Kila aliyetajwa mwanzoni lazima awe na mate walau mara moja kabla ya Juni kwisha.

Ishirini na tisa ninao. Aliyebaki ni wewe, Shangazi. Kichupa kilianguka, sawa, vichupa huanguka. Lakini nilituma vitatu vya akiba, na vyote vimerudi vikavu.

Namtuma msaidizi wetu Doreen aje achukue sampuli za Mei mwenyewe. Ni binti mpole. Hajui kwamba wewe ni shangazi yangu, nimemwambia tu aonane na mratibu wa kijiji, ili mambo yawe ya kikazi. Tafadhali mtemee huyo.

Kuhusu Mwalimu Obed, fizikia ya sekondari na fizikia ya maabara hazifanani sana.

Wako,
Lukasi

*

Masoko,
24 Mei 2024

Lukasi,

Marahaba. Hatujambo. Dokta ameachishwa kunyonya. Baridi imeanza.

Doreen alifika. Binti mzuri, mwenye adabu, anakula bila kuchagua. Asubuhi alikusanya vichupa vyake, watu wakatema vizuri, halafu akasimama pale penye mtandao, karibu na tanuri la matofali, akawapigia simu wenzake wa maabara. Mimi nilikuwa namenya ndizi hapo karibu. Nikasikia anasema: "Masoko shwari kabisa. Hakuna anayefika hata robo shangazi."

Nikasema labda sikusikia vizuri. Akaendelea: "Ila mimi na hii barabara ya matope, jana nilikuwa shangazi moja na nusu."

Alipokata simu nikamuuliza kwa upole, mwanangu, shangazi ni kipimo gani hicho? Naye kwa adabu yake akanieleza. Kwamba mkubwa wake, Dokta Lukasi, ana shangazi huko kwao. Kwamba kuna wakati mlijipima wote mate, na yake yalikuwa yametulia, ila kila shangazi huyo alipompigia simu yalipanda kama maziwa jikoni. Kwamba tangu hapo maabara nzima mnapima hivyo. Foleni ni nusu shangazi. Kikao na Profesa ni shangazi mbili. Umeme ukikatika mashine zikiwa zinafanya kazi ni shangazi tatu, na hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Nikamwambia, shangazi huyo ni mimi.

Lukasi, huyo mtoto alikula sahani tatu za ndizi bila kuinua kichwa.

Sasa nikueleze. Habari ya mawimbi ya simu niliijua tangu wiki ya kwanza. Mwalimu Obed alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo maana sikutema mwezi wa tatu, wala wa nne. Nilikuwa na hasira ya mwanzo. Sasa nina ya mwanzo na ya pili. Nimewafundisha watu ishirini na tisa kwamba mtu hampi mwingine mate akiwa na hasira naye. Leo mimi nikutemee na hizi mbili? Sikutemei. Nitakuua bure.

Anyosisye

*

Dar es Salaam,
2 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Doreen amerudi na hazungumzi na mtu. Anasema ndizi zilikuwa tamu.

Nisamehe. Acha nieleze jinsi ilivyokuwa, ingawa maelezo hayatasaidia. Mashine ilipofika tulijifunza kwa kujipima wenyewe. Mstari wangu ulikuwa umelala kama mbwa aliyeshiba, ila una nundu hapa na pale. Profesa Rahima akaniuliza mbele ya watu, siku hizi ulipatwa na nini? Nikatazama tarehe, nikasema kweli: "Shangazi alipiga simu." Walicheka mpaka walinzi wakaja. Profesa hakucheka, lakini ndiye aliyeandika "Shangazi" kwenye ukuta wa maabara kwa kalamu isiyofutika.

Na ni kweli ya mawimbi niliyatunga. Shangazi, ulikuwa unapiga saa kumi na moja alfajiri! Naruka kitandani nikidhani kuna msiba, wewe unaniuliza nimekula nini jana, nitaoa lini na mbona nimepokea simu kwa sauti ya mtu aliyelala. Miaka minne sijaja nyumbani na kila mwaka nasema Pasaka. Nasema kazi, lakini ukweli ni kwamba nakuogopa. Mtu mzima, mtafiti wa hofu, anamwogopa shangazi yake. Sasa nimesema.

Nimekuwekea kitenge ndani ya deli. Kichupa kimo pia, kimoja tu, namba thelathini. Juni inakwisha na Profesa ameshauliza mara mbili. Kuja siwezi, kazi imebana kweli safari hii. Naomba tumalize kwa barua.

Wako mkosaji,
Lukasi

*

Masoko,
11 Juni 2024

Lukasi,

Marahaba, zote tatu.

Kitenge kimefika kimeganda kama ubao, nikakianika juu ya uzio, watoto wakaja kukigonga. Sasa kimelegea. Ni kizuri, nimeshakipeleka kwa fundi. Lakini mate hayatokani na kitenge.

Hasira haisemwi kwa barua. Ukiisema kwa barua, maji utayatema wapi? Kwenye bahasha?

Kichupa chako kiko kabatini, katikati ya vikombe vya wageni. Ni kikavu. Mabasi yanakuja Tukuyu kila siku, hata yale yanayobeba madeli.

Anyosisye

*

Dar es Salaam,
8 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo kutoka kwa mpwa wako aliyefika salama, na sweta ulilonivalisha kwa nguvu nililivua Mikumi. Parachichi zimefika zote, na maabara nzima inanukia kama soko la Tukuyu.

Najua ulikuwepo kwa yote yaliyotokea huko nyumbani mwisho wa Juni, lakini acha niyaandike na mimi, maana nadhani kila mmoja wetu aliona upande wake.

Nilidhani nitafika, utasema, nitaomba radhi, utatema, nitaondoka. Sikujua kwamba nitapangwa foleni. Nilisimama barazani kwako kama mtu yeyote, Ambindwile mbele yangu akinihurumia, Esnath akinishikia kikombe cha maji, na kule nyuma ya ukuta nikamsikia Jenifer akimwambia jogoo: "Leo zamu ya msomi." Wewe ukakaa na mwiko wako. Ukasema ya mawimbi. Ukasema ya kipimo, tena ukaeleza vizuri, watu wote wakaelewa, na Ambindwile akauliza mbuzi wake alikuwa shangazi ngapi. Yote hayo nilikuwa nimejiandaa nayo.

Nililokuwa sijajiandaa nalo ni lile la mwisho. Ulisema saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa baba yangu alikuwa akipita mlangoni kwako na ndoo ya maziwa. Alikuwa hasimami. Anakusalimu tu "Ugonile," na wewe unaitikia kutoka ndani "Ndaga," naye anaendelea na njia yake. Kaka na dada, miaka yote hiyo, kila alfajiri neno moja moja. Ukasema tangu tulipomzika unaamka saa ile ile, unakaa kitandani, na hakuna anayepita. Ndiyo maana ulikuwa unanipigia. Na kwa sababu huwezi kumpigia mtu simu Dar es Salaam ukamwambia neno moja, ndipo ukawa unaniuliza nimekula nini.

Shangazi, nimesoma hofu ya watu kwa miaka kumi na moja. Nina vyeti vyake ukutani. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ni saa hiyo.

Halafu ukasukutua maji, ukayatema chini kwa nguvu hata yakafika kwenye viatu vyangu, ukachukua kichupa kabatini ukakijaza mpaka kikafurika. Namba ishirini na mbili alinung'unika kwamba anajua sasa kwa nini mwenzake anapendelewa.

Ile siku naondoka niliomba uteme tena, nikasema ni kwa ajili ya kulinganisha. Ulitema huku unatazama pembeni. Nikakuaga, ukasema: "Nenda, usinicheleweshe, mimi nina mahindi ya kupukuchua." Hata mlangoni hukutoka. Nikaenda zangu nikidhani labda umefurahi kuachwa upumzike.

Majibu yametoka juzi. Masoko imepita, watu thelathini kamili, na mkataba wangu umeongezwa. Profesa Rahima anataka tuanze utafiti mpya juu ya kusema na kusukutua, na kwa sasa tunabishana tumwandike jogoo kama nani. Mimi nasema mkalimani.

Kichupa chako cha kwanza kilikuwa kimetulia kama cha mtoto aliyenyonya. Cha pili, cha asubuhi niliyoondoka, kimezidi watu wote wa Masoko, pamoja na siku ya mbuzi na sufuria. Profesa alikishika, akaniuliza: "Huyu namba thelathini alipatwa na nini asubuhi hiyo? Alifukuzwa na ng'ombe?" Nikamwambia hapana, alikuwa anapukuchua mahindi. Halafu alikwenda ukutani na kitambaa akajaribu kufuta lile neno, lakini nilishakuambia kalamu ile haifutiki.

Wewe unajua kujikaza, Shangazi. Mate hayajui.

Na mimi nilijipima nikiwa kwako, kwa siri, asubuhi ukiwa umesimama juu ya kitanda changu ukiniuliza kwa nini bado nimelala. Mstari ulikuwa umelala chini kabisa. Nimerudia mara mbili. Inaonekana shangazi akiwa karibu hapimiki.

Wako,
Lukasi

*

Masoko,
20 Julai 2024

Mwanangu Lukasi,

Marahaba. Hatujambo sote. Ukungu haujatoka wiki nzima, Dokta amepotea humo akarudi kwa Esnath badala ya kwetu, akala kabichi. Ambindwile amefurahi sana kuona si mbuzi peke yake. Kitenge fundi amekimaliza, kimebana kidogo, amesema ni kwa sababu ya barafu.

Nimefurahi kwa mkataba. Jumapili nilisimama kanisani nikasema daktari wetu wa vichaa ameongezewa kazi, watu wakapiga makofi.

Mwambie Profesa wako kwamba namba thelathini alikuwa amekunywa kahawa kabla ya kutema. Ndivyo utakavyoandika, na wewe usiongeze neno. Mahindi yalikuwepo kweli. Yapo mpaka leo, sijayapukuchua.

Halafu ujue na sisi huku tumepata kipimo chetu. Tunakiita Lukasi. Ni cha kumngoja mtu. Esnath, binti yake alipochelewa kutoka Tukuyu, alisema ana nusu Lukasi. Jenifer mumewe yuko Chunya tangu mwezi wa tano, anasema ni Lukasi moja, ila inapanda. Waliponiuliza yangu ya ile miaka minne ilikuwa ngapi, nikasema kwanza tutafute jogoo wa kunijibia.

Sasa sikiliza. Deli lako nalirudisha na barua hii, usilitume tena bila kazi. Kuandika kunanichosha macho. Simu nimeichaji, inalala karibu na mto wangu, na Mwalimu Obed amehakikisha kwamba haiharibu kitu.

Saa kumi na moja mimi huwa macho. Ukipiga, usinipe habari za utafiti. Usiseme umekula nini, hilo nitakuuliza mwenyewe mchana. Sema tu "Ugonile," halafu nyamaza kidogo, niitikie.

Shangazi yako, moja kamili,
Anyosisye